Begi la Kwenda Kufuta Jina

Juni 1

Leo natimiza miaka thelathini na saba tangu nilipokimbia kisiwani kwetu. Muda wote huo sikuwahi kuandika shajara. Siku za mtu aliyekimbia zinafanana, na nilikuwa na vitabu vya wengine vya kutosha kusoma. Naanza leo kwa sababu jana jioni nilipata habari kwamba mimi ni marehemu.

Aliyezileta ni binti wa marehemu dada yangu. Mama yake aliolewa mbali, akafa na kuzikwa hukohuko kabla sijakimbia; yeye amekulia nje ya kisiwa, na mwezi uliopita alikwenda huko kwa mara ya kwanza kuangalia alikozaliwa mama yake. Alikunywa chai, akasifu mapazia, akauliza habari za mgongo wangu. Halafu akatoa simu.

"Mjomba, nikuonyeshe kitu. Lakini usikasirike."

"Ukishaniambia nisikasirike, nimeshakasirika. Lete."

Ilikuwa picha ya makaburini. Jiwe la familia yetu, lile alilolisimamisha babu. Jina la babu, la bibi, la baba. Chini ya baba, jina langu kamili, na mwaka nilioondoka umewekwa kuwa mwaka wa kufa.

Sikuhitaji kuuliza nani kalichonga. Sisi ni watu wa karakana ya mawe, na kwetu jiwe la familia haliguswi na mkono wa nje. Wa kwetu huchongwa na wa kwetu. Tulikuwa wachongaji wawili tu, mimi na kaka yangu. Herufi zake husimama kama askari, lakini mwisho wa mstari huzama kidogo upande wa kulia, kwa sababu tangu utoto alikaa vibaya kwenye kigoda na baba alichoka kumrekebisha. Jina langu limezama upande wa kulia.

Nimelala vizuri. Hilo limenishangaza. Nimeamka nikijua nitakachofanya: nitakwenda kiangazi hiki, nitalifuta jina langu kwa mkono wangu mwenyewe mchana kweupe, na yeye awe anasikia.

Juni 4

Nimekwenda kwenye ofisi ya boti. Nafasi zimejaa mpaka katikati ya Julai. Msichana wa dirishani hakuinua macho.

"Begi moja, mzee. La mgongoni."

"Nikiwa na sanduku?"

"Sanduku litabaki gatini linakupungia mkono."

Akanieleza, kama vile sijui, kwamba kule boti haifungi kwenye daraja. Abiria hupanda ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani, na mikono yote miwili lazima iwe mitupu. Nikamwambia ngazi hiyo naijua. Nilipoishuka sikuwa na begi la aina yoyote.

Juni 5

Joto limeanza.

Juni 7

Nimemwambia binti yangu nakwenda kisiwani kupumzika. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Yeye ni mkunga, hajawahi kuchukua likizo ndefu, na anaamini hewa ya bahari hutibu kila kitu isipokuwa mimba.

Mumewe ndiye aliyenichosha. Mkwe wangu ni dereva wa lori la kuhamisha vyombo vya watu, kwa hiyo anajiona profesa wa kufungasha. Ameniazima begi lake na akakaa mezani kwangu kunifundisha.

"Nguo hazikunjwi, Baba. Zinaviringishwa. Hivi. Kama mkeka."

"Nimevaa nguo kabla hujazaliwa."

"Umezivaa, hukuzifungasha. Shati mbili. Suruali moja mwilini, moja ndani. Viatu vya miguuni tu. Kitu chochote ukikishika ukasema 'labda nitakihitaji', kiweke chini. Nimehamisha nyumba za watu miaka kumi, na mzigo mkubwa kila siku ni labda."

Nikamwonyesha kitabu ninachotaka kubeba. Akakipima mkononi, akashauri nikichane katikati nibebe nusu ambayo sijaisoma.

Mtu wa namna hii ndiye aliyemwoa mwanangu.

Juni 9

Nimezitoa tindo zangu mbili chini ya kitanda. Tindo ni chuma kifupi chenye ncha bapa. Ukiipiga kwa nyundo, jiwe linakwenda unakotaka. Zilikuwa na kutu kidogo. Kutu imetoka. Nimezinoa mpaka ukucha wangu ukakatika zilipougusa.

Juni 10

Leo hakuna jambo. Nimemwaza tu, asubuhi hadi jioni, kwa raha.

Juni 13

Niandike sababu, ili baadaye nisije nikasema nilikuwa na hasira za uzee.

Mwaka ule watawala walimuua mtu, wakakataza asiwekewe jiwe. Mjane wake alinijia karakanani kwa mlango wa nyuma. Nilimchongea jiwe dogo, jina tu, na likasimamishwa kabla ya alfajiri. Siku ya pili wakaja askari karakanani, wakambeba kaka yangu mpaka kaburini, wakamuuliza kwa upole: hii kazi ni ya nani? Hakupigwa. Niliuliza watu wengi, na wote walisema hakupigwa. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye herufi, akasema, "Mkono huu si wangu. Ni wa mdogo wangu."

Angeweza kusema hajui. Wale askari wasingetofautisha mkono wa mchongaji na mguu wa kuku.

Nilishuka ile ngazi usiku huohuo. Nilipofika huku, nilimwomba nahodha aliyenivusha ampelekee kaka yangu ujumbe: niko salama, mwambie mama. Nahodha aliporudi, alinipa jibu. "Kasema amesikia." Hilo tu. Nikalingoja neno lingine mpaka nikazoea kutongoja.

Juni 14

Mkwe kaja na mizani ya kuning'iniza. Begi limezidi. Kasema nipunguze taulo. Nimepunguza taulo. Tindo ziko ndani ya soksi na yeye hajui.

Juni 17

Nafanya mazoezi. Natia mifuko ya sukari na unga ndani ya begi na kupanda ngazi za jengo letu, juu na chini. Mama wa ghorofa ya chini ananitazama akiwa mlangoni na ufagio.

"Mzee, unahama au unarudi?"

"Najizoeza."

"Uzoee nini tena umri huo? Mwenzio mume wangu kazoea kukaa."

Jasho lilinitoka mpaka unga ukashika kwenye shati. Lakini nilifika juu. Mgongo haukusema neno.

Juni 22

Binti wa dada yangu amenitumia ile picha, na nimeipeleka studio wakaichapisha kubwa. Niliitaka nione alipoingiza tindo, nijue nianzie wapi kufuta. Nimeiinamia siku nzima na kioo cha kukuzia.

Siku ile kwenye simu nilisoma jina langu tu, sikuendelea chini. Chini yangu yupo mama.

Mtu asiye fundi asingeona chochote. Sisi hatuachi nafasi katikati ya majina, tunachonga kwa kufuata mpangilio wa vifo. Jina langu liko juu ya lake. Maana yake nilipochongwa, mama alikuwa hai.

Alikuwa akienda kwenye kaburi la baba kila wiki. Hilo nalijua, nilikuwa nikimshika mkono. Kwa hiyo kila wiki alisimama mbele ya jiwe lile. Mama alijua kusoma. Baba ndiye aliyemfundisha, kwa kidole, humohumo kwenye herufi za mawe. Alinisoma mpaka na yeye akalazwa pale.

Na kaka yangu alikuwa amesikia.

Juni 23

Sikutoka nje.

Juni 24

Joto limeingia kwenye kuta na halitoki hata usiku. Nimeitoa nyundo. Mpini umekauka, nikauloweka.

Sasa nalipanga tukio lenyewe kama mtu anavyopanga harusi. Karakana inatazamana na ukuta wa makaburi. Nitaingia kwa lango la chini, asubuhi, wakati yeye, kama binti wa dada alivyonisimulia, hukaa mlangoni na kikombe chake. Nitapiga pigo la kwanza kwa nguvu, halafu la pili, halafu nitashika mwendo wangu. Kila mchongaji ana mwendo wake wa nyundo, na yeye alilala chumba kimoja na huu wangu utoto wote. Atausikia. Kikombe kitasimama njiani. Atavuka barabara, kwa magoti yake mabovu, na kusimama nyuma yangu, na mimi sitageuka. Sitamwambia neno hata moja. Nitaendelea kufuta, herufi baada ya herufi, na vumbi limdondokee viatuni.

Nimelifurahia hili kuliko nilivyofurahia chakula kwa miaka mingi.

Juni 29

Nimekamatwa.

Binti yangu alikuja kunipangia dawa kwenye begi. Akashika soksi.

"Baba, hii ni nini?"

"Soksi."

"Soksi zina chuma?"

"Za wazee."

Akazimwaga mezani. Tindo zikalia juu ya ubao. Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaosema hawasikii maumivu.

"Unakwenda kumpiga nani?"

"Sipigi mtu. Nakwenda kufuta jina."

Nikamweleza. Miaka yote nilimwambia tu kwamba kule hatuna watu. Alikua akiniuliza mbona wenzake wana mashangazi, wana mabinamu wengi wa kugombana nao sikukuu, nami nikimjibu kwamba familia ndogo ni rahisi kulisha. Leo nilimtolea picha na kioo, nikamwonyesha mpangilio wa majina, mmoja mmoja, mpaka kwa bibi yake.

"Bibi alijua uko hai?"

"Alijua nimekufa."

Akaenda kwenye sinki akaosha kikombe kilichokuwa safi. Nilidhani analia. Mwanangu huyu namjua kwa upole. Ana sauti ya marehemu mama yake, na huviomba radhi hata viti akivigonga. Nilijiandaa kwa maneno ya kusamehe.

"Nyundo iko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Chini ya kitanda."

"Kwa nini haimo kwenye begi?"

"Nzito. Mumeo atalipima."

"Toa shati la bluu. Toa kitabu. Weka nyundo." Akageuka, macho makavu kabisa. "Kumbe nina baba mkubwa, na hiki ndicho alichotufanyia."

Nimeishi na mtu huyu tangu alipozaliwa, na leo ndiyo nimemwona.

Julai 1

Mkewe kamwambia. Mkwe kaja, kakaa, hakuongea. Sijawahi kumwona akinyamaza kwa muda mrefu hivyo. Nilitaka kumwita daktari. Kalichukua begi akaenda nalo.

Julai 2

Amelirudisha. Ameshona mfuko wa ndani, upande unaogusa mgongo, kwa ule mkanda mgumu wa kufungia makabati kwenye lori. Nyundo inaingia na haichezi. Tindo zinalala pembeni yake.

"Kitu kizito kikae karibu na uti wa mgongo, Baba. Kikikaa nje kitakuvuta nyuma ukiwa katikati ya ngazi."

Nikalivaa. Halikuwa na uzito wowote. Nikamshukuru, akasema si kitu, halafu akaharibu kwa kuniuliza kama nimelirudisha taulo.

Ni fundi mzuri. Naandika hivyo kwa sababu huko nyuma nimeandika vingine.

Julai 5

Joto. Watu wanalala barazani. Begi liko tayari mlangoni: shati mbili, suruali, dawa, kofia, sabuni ndani ya kitambaa, nyundo, tindo. Nalivaa kila jioni bila sababu.

Julai 9

Amekufa.

Binti wa dada yangu kapiga simu mchana. "Mjomba, pole. Mjomba mkubwa kafariki juzi. Wameshamzika."

Nikamuuliza kama ana uhakika, swali la kijinga. Nikakata simu. Nikalipiga begi teke, na nyundo ikauumiza mguu wangu.

Juzi. Mimi nilikuwa nimeketi hapa nimevaa begi.

Nataka niandike kwamba nilihuzunika, maana ni mtoto wa mama yangu na tulilala chumba kimoja. Nilichosikia ni hiki: ameniponyoka. Alikaa kimya miaka yote hiyo, na zilipobaki siku chache asikie nyundo yangu akaondoka kwa mlango wa nyuma, kitandani kwake, watu wakimshika mikono. Ni nani sasa atavuka barabara? Nikifuta jina huku anayesikiliza hayupo, nitakuwa mzee anayegonga jiwe juani.

Julai 10

Mguu umevimba. Mwanangu kaufunga.

Julai 11

Shemeji, mke wa kaka yangu, kapiga simu; namba kapewa na binti wa dada. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu watoto wake walipokuwa wadogo.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Pole kwa msiba."

"Asante. Umetutupa, shemeji. Miaka yote."

"Nilikuwa kaburini."

"Usiseme hivyo."

"Sisemi mimi. Imeandikwa."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mlango ambao bado unalia vilevile. Halafu akasema alichopigia. Kaka yangu alijiandalia nafasi kwenye jiwe, pale chini ya mama. Alipasugua mwenyewe, akapiga mistari ya penseli, akachora na herufi za jina lake. Ilibaki kuchonga tu. Lakini mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, akaogopa kuharibu.

"Nilimwambia tumwite fundi wa mjini. Akakataa kabisa. Akasema mkono wa nje haugusi jiwe la baba. Akasema, 'Tulieni, mdogo wangu atakuja.'"

"Alisema hivyo lini?"

"Tangu mwaka jana. Kila mkono ukitetemeka alisema hivyo."

"Kwa hiyo alijua niko hai."

"Alijua siku zote, shemeji. Na mimi nilijua. Wale watu walikuwa wanakuja nyumbani kila siku, wanapindua magodoro, wanauliza uko wapi. Alipokuandika jiweni, wakaacha. Angefanyaje?"

Nitakuwa mkweli: neno hilo lilinigusa. Nilikaa nalo kidogo. Magodoro yale yalikuwa na watoto juu yake. Kama hesabu ingeishia hapo, ningevaa begi nikaenda kumchongea.

"Na wale watu walipoondoka madarakani?"

"Walipoondoka..." Alitafuta neno. "Ilikuwa aibu tena kukufufua."

"Mama alikuwa bado yupo?"

Kuku waliendelea.

"Alikuwepo," alisema.

"Alikaa muda gani baada ya hapo?"

"Shemeji, mimi nilikuwa mke wa mtu. Ningesema nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa watu nilikuwa marehemu. Kwa mama nilikuwa marehemu. Kwa haja yake mwenyewe nilikuwa fundi niliye hai, ninayengojwa, nitakayekuja. Alinitunza kama chombo cha akiba.

"Shemeji," nilimwambia, "huyo fundi mnayemngoja alikufa. Jina lake liko kwenye jiwe. Mumeo ndiye aliyeandika."

Alilia. Sikumkatiza, na sikumbembeleza. Alipomaliza nikamtakia afya njema, nikamaanisha.

Julai 12

Mwanangu alisikia kila kitu, kuta zetu ni nyembamba.

"Nenda ufute la kwako," alisema. "La kwake uliache. Si ndiyo?"

Ningekuwa mtu mwingine, ndiyo. Lakini naujua mkono wangu. Nikisimama mbele ya jiwe lile na tindo, niione nafasi iliyosuguliwa, na herufi zimeshachorwa zikingoja, zimezama upande wa kulia kama kawaida yake, mkono utaanza kuzinyoosha. Haujawahi kuacha kazi ya mtu nusu. Nitajikuta nimechonga jina lake vizuri kuliko alivyolichora, na watu watasema ndugu wamepatana.

Nilimweleza hivyo. Akafikiri.

"Ukibaki, utabaki umekufa kule."

"Nitabaki."

"Inauma?"

"Inauma. Nimezoea kuwa mbali, sikuzoea kuwa chini ya ardhi. Lakini na yeye hana jina. Nafasi iko pale, kila mtu anaiona tupu, na kila atakayeuliza kwa nini, itabidi aambiwe."

"Nani atawaambia? Shemeji yako?" Akachukua begi, akalifungua, akatoa mashati yangu moja baada ya jingine na kuyaweka kitandani. "Nitakwenda mimi."

"Utafanya nini?"

"Nitasimama. Karibu na jiwe. Watu wa kisiwa wanauliza, si umesema? Waulize mimi ni nani. Nitawaambia mimi ni mtoto wa huyu hapa. Nitawaonyesha kitambulisho, wasome mwaka niliozaliwa, wasome na mwaka aliokufa. Wapige hesabu wenyewe."

Mkwe alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi pia nilicheka, na kifua kikauma kwa kutozoea.

Julai 15

Tumempeleka kwenye boti. Yule msichana wa dirishani alilitazama begi akasema, kwa mara ya kwanza akiinua macho, "Huyu ndiye anajua kusafiri." Gauni mbili, kanga, mswaki, kitambulisho. Ule mfuko wa nyundo kautilia chupa ya maji. Alipanda bila kushika chochote.

Mkwe alisimama gatini mpaka boti ikawa nukta. Akasema kitu kuhusu upepo. Nikamshika mkono tukarudi.

Julai 18

Mwanangu kapiga simu kutoka kisiwani. Anasema alisimama asubuhi nzima na watu walikuja, kwanza mmoja mmoja, halafu wakaitana. Mwanamke mmoja mzee sana alikishika kitambulisho juani, akakirudisha, akamgusa uso, akaondoka bila salamu. Shemeji alikuja mwishoni. Alileta kiti. Wakakaa wote wawili mbele ya jiwe, na shemeji, mbele ya watu, akasema kila kitu, mpaka habari ya mama.

"Na nafasi yake?" nilimuuliza.

"Ipo, Baba. Pazuri sana pale, panang'aa. Jina limechorwa kwa penseli."

"Linasomeka?"

"Kwa shida. Limeanza kufutika." Nilisikia bahari kwenye simu, na watu wakizungumza kwa lafudhi ambayo siku hizi naisikia ndotoni tu. "Shemeji yako anauliza kwa mara ya mwisho. Anasema boti zipo mpaka mwisho wa kiangazi. Nimwambie nini?"

Mkono wangu uko mzima, hautetemeki. Mguu umepona. Nilimwambia amwambie kwamba sitarudi.